KABLA YA KWENDA DUKANI, TAZAMA NYUMBANI

HAKUNA mfanyakazi wa mjini asiyezijua siku kumi za mwisho wa mwezi. Mshahara umekwisha gawanyika: kodi ya chumba imekwenda, nauli imekwenda, madaftari ya watoto yamenunuliwa, na deni la duka la jirani limelipwa nusu. Ni katika siku hizo hizo ndoo hutoboka, shuka likachanika katikati, mkaa ukapanda bei, na mtoto akarudi kutoka shule kaptula ikiwa imepasuka. Mambo haya, ndugu msomaji, hayapigi hodi wala hayangoji tarehe ya malipo.

Familia ikifikwa na hali hiyo, kwa kawaida huziona njia mbili tu. Ya kwanza ni kukopa. Ya pili ni kuvumilia mpaka mwezi uandame. Kukopa kuna ubaya wake, maana deni la leo ni mshahara wa kesho ulioliwa mapema. Na wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuvumilia nako kuna gharama, kwa sababu tundu dogo halibaki dogo. Iko njia ya tatu, ambayo hupuuzwa kwa kuwa hakuna mwenye duka anayeitangaza. Njia hiyo ni kukitumia kwa akili kile ambacho tayari kimo ndani ya nyumba.

Makala haya yanakusudia kuitazama njia hiyo ya tatu: msingi wake, mambo machache ambayo familia yoyote inaweza kuyaanza wiki hii, na mipaka yake pia, kwa sababu si kila kilichopo kinafaa kwa kila kazi.

JINA LA KITU NA KAZI YAKE

Tumezoea kuviita vitu kwa majina yao na kudhani kuwa jina ndilo linalomaliza kazi ya kitu. Ndoo ikitoboka tunasema kuwa si ndoo tena, tukaitupa. Ni kweli, kazi ya ndoo ni kuchukua maji, na iliyotoboka haiwezi. Lakini bado ni chombo chenye kina, chenye mkono wa kushikia, na chenye tundu la kupitishia maji chini yake. Hizo ndizo sifa anazozitafuta mtu anayetaka kupanda mche wa nyanya mahali pasipokuwa na shamba. Anayeuliza jina la kitu atakitupa mapema. Anayeuliza kazi zake atakaa nacho.

Mtu wa pwani alilijua jambo hili kutokana na mnazi. Nazi ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa katika kifumbu, tui huingia chunguni na chicha hupewa kuku. Kifuu hutiwa mpini kikawa upawa wa kupakulia au kata ya kuchotea maji, na kisichofaa kwa hayo hutiwa motoni. Makumbi hulowekwa, hupondwa, na nyuzi zake husokotwa zikawa kamba. Na yale makavu husugulia sufuria. Makuti huezekea nyumba, na njiti zake hufungwa pamoja zikawa ufagio wa chelewa. Hakuna sehemu ya mnazi iliyoitwa takataka.

Khanga nayo, vazi ambalo halikosekani katika nyumba zetu, inasimuliwa kuwa ilizaliwa kwa akili ya namna hiyo hiyo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliuza leso zikiwa zimeungana katika jora, na kazi ya leso ilikuwa kufutia uso na kufungia fedha. Wanawake wa Unguja na Mombasa waliziona kwa jicho jingine. Badala ya kukatiwa leso moja moja, walikatiwa vipande vya leso tatu tatu, wakaviunga viwili kwa sindano, na leso sita zikawa nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wenyewe waliagiza nguo iliyochapwa kwa upana huo. Mpaka leo, huko Mombasa, khanga huitwa leso.

Tena tazama maisha ya khanga yenyewe. Ikiwa mpya huvaliwa harusini. Ikizoeleka huvaliwa nyumbani, hubeba mtoto mgongoni, huwa ngata kichwani chini ya ndoo ya maji, hutundikwa mlangoni ikawa pazia, na hufunika chakula mezani. Ikichakaa hukatwa nepi, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini na haimchubui mtoto. Mwisho kabisa huwa tambara la kudekia sakafu. Mama anayeipitisha khanga katika kazi zote hizo amenunua nguo moja akapata vitu saba, na hakuna aliyewahi kumwona kuwa bahili.

SI JAMBO LA AIBU

Wapo wanaoona haya kutia kiraka au kutumia kopo lililokwisha maziwa, kwa kudhani kuwa hiyo ni alama ya unyonge. Wasomaji waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 watawaeleza vingine. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi. Na fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vilipatikana kwa foleni ndefu, na siku nyingine havikupatikana kabisa.

Katika nyakati hizo watu walifulia majani ya mpapai. Matairi yaliyokwisha yalikatwa yakawa katambuga. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, waligonga mapipa na mabati chakavu yakatoka majiko, ndoo, makarai na vibatari. Na wenzao wa jua kali mjini Nairobi walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani foleni zile zirudi. Lakini ujuzi ule ulikuwa mali, na ni hasara kuuacha ufe pamoja na shida iliyouzaa.

Wala si watu wetu peke yao. Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza, nchi iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya dunia, iliwagawia raia wake nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941, na mgawo huo haukwisha mpaka mwaka 1949. Mwaka 1943 serikali ya nchi hiyo ilichapisha kijitabu cha kuwafundisha watu wa tabaka zote kushona viraka, kufuma upya soksi zilizotoboka na kugeuza makoti ya zamani kuwa nguo za watoto.

Na iwapo yuko anayedhani kuwa kutumia kilichopo hakuwezi kuzaa kitu cha kupendeza, na amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi zinazouzwa katika maduka ya sanaa. Alichukua mbao nyembamba zinazotumika kwa dari, akachukua na rangi ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege na tembo. Mng'ao ule ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuununua ni mng'ao wa rangi ya baiskeli. Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini mtindo wake unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

JIKONI: MOTO UFANYE KAZI MARA MBILI

Katika nyumba nyingi za mjini, baada ya kodi na chakula, fedha nyingi huishia kwenye mkaa au gesi. Kwa hiyo anayetaka kuanza na aanzie jikoni.

Chakula kinachomaliza mkaa kuliko vyote ni kile cha kuchemka kwa muda mrefu, yaani maharage, makande na kunde. Hapa inafaa tujiulize: moto unafanya kazi gani? Kwanza huyafikisha maji kwenye kuchemka. Baada ya hapo, kwa saa mbili au tatu, kazi yake ni kurudisha tu joto linalopotea kupitia sufuria. Tukilizuia joto hilo lisipotee, chakula kitaendelea kuiva chenyewe.

Namna ya kulizuia ni rahisi. Twaa kapu la ukindu au boksi gumu. Litandike ndani matambara, blanketi bovu, magazeti yaliyokunjwa au makumbi makavu ya nazi, unene wa kiganja cha mkono chini na pande zote, ukiacha shimo linalotosha sufuria. Shona mto wa kufunikia juu, uliojazwa vitu hivyo hivyo.

Maharage yalowekwe tangu usiku. Asubuhi yamwage maji yale, tia maji mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa muda wa nusu saa. Usiupunguze muda huo, maana maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki ila kwa kuchemka sawasawa. Baada ya hapo funika sufuria kwa mfuniko unaobana, ipua, itie kapuni mara moja, weka mto juu, na uiache kwa saa tatu au nne bila kufunua. Sufuria iwe imejaa karibu na ukingo, kwa kuwa sufuria tupu hupoa upesi. Ukiikuta chakula bado kigumu, kichemshe tena kidogo na kukirudisha. Vitunguu na tui vitiwe mwishoni, wakati wa kuunga. Mchele nao ukichemka dakika tano, huiva kapuni kwa muda wa saa moja.

Sharti moja lishikwe. Chakula kiliwe kikiwa bado cha moto sana. Kikifikia kuwa vuguvugu hakina budi kuchemshwa tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa, na kisiachwe kapuni kutwa nzima, kwa sababu vuguvugu ndilo joto linalopendwa na vijidudu.

Jambo la pili ni chenga za mkaa. Chini ya kila gunia hubaki vumbi ambalo wengi hulimwaga. Lichekeche, chukua makopo manne ya vumbi kwa kopo moja la udongo wa mfinyanzi, changanya na maji kidogo kidogo mpaka ukibonyeza kiganjani lishikamane, kisha finyanga matonge madogo kuliko ngumi na kuyaanika juani mpaka yakauke kabisa. Matonge hayo hushika moto polepole, hivyo yatiwe juu ya mkaa wa kawaida uliokwisha koka. Hayana mwali mkubwa wa kukaangia, lakini hukaa muda mrefu.

NGUO NA MATANDIKO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika nguo ufa huanza na uzi mmoja. Nyumba yenye sindano mbili, kijiti cha uzi mweusi na kingine cha mweupe, na kopo la vifungo vilivyotolewa katika mashati mabovu, ina duka lake la nguo.

Chukua shuka kwa mfano. Shuka huchakaa katikati, mahali mwili unapolala, ilhali kingo zake hubaki mpya. Lisipewe mwenye kudeki. Likate kwa urefu katikati kabisa, geuza vipande ili kingo nzima zikutane, uziunge kwa mshono bapa, kisha ukunje na kupinda pande mbili zilizochakaa ambazo sasa ziko nje. Shuka hilo litatumika tena kwa muda mrefu. Likichakaa mara ya pili, linatosha foronya mbili au shuka la kitanda cha mtoto.

Shati la kazini nalo huanza kuchoka shingoni. Fumua ukosi kwa wembe, ugeuze upande wa ndani uje nje, ushonee tena palepale. Cherehani ya jirani hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kaptula ya shule itiwe kiraka kwa ndani kabla haijatoboka, mara tu kitambaa kinapoanza kuonyesha mwanga. Na upindo wa gauni la mtoto uachwe mpana tangu siku ya kushonwa, ili mwaka ujao ushushwe.

Tukumbuke pia kapu la sokoni. Kwa miaka mingi tulilisahau kwa sababu ya mifuko ya rambo, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Watu wengi walikimbilia kununua mifuko mingine, kumbe mguu wa suruali ya jinzi iliyochoka, ukishonwa chini na kutiwa mikono miwili ya kitambaa hicho hicho, hubeba viazi na nazi kwa miaka.

UANI NA BARAZANI

Familia iliyopanga chumba kimoja huweza kusema, "Sisi bustani tutailima wapi?" Jibu ni gunia. Lisimamishe mahali penye jua. Chukua kopo kubwa lililotobolewa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha uzungushe pembeni udongo uliochanganywa na samadi. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute kopo juu likiacha kokoto mahali pake, ulijaze tena, na uendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufikia chini. Toboa matundu madogo ubavuni, panda humo matembele, mchicha au sukuma wiki, na juu panda nyanya au pilipili. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanatosha kuinywesha kila siku. Maji yenye sabuni kali yasitiwe.

Kuhusu kuhifadhi vitu, umo katika Afrika mfano mzuri wa mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ambaye katika miaka ya 1990 aliwafundisha wanavijiji wa kaskazini ya nchi hiyo kutia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, kujaza mchanga mbichi kati yake, na kufunika kwa kitambaa kilicholoweshwa. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto, na mboga zilizo ndani hubaki baridi. Ni hekima ile ile ya mtungi wetu wa maji ya kunywa.

Lakini hapa pana somo. Jambo hilo hufanya kazi vizuri mahali penye hewa kavu, kama Dodoma na Singida. Dar es Salaam, Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, maji hayakauki upesi na baridi yake ni haba. Usiige tu kwa sababu umesikia kwa mwenzio. Jiulize kwanza kama mazingira yako ni kama yake.

MAHALI PA KUSIMAMA

Tumesema kuwa njia hii ina mipaka. Ni vema kuitaja waziwazi, kwa sababu wapo watu waliopoteza zaidi ya fedha walizotaka kuokoa.

Kwanza, chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu, dawa ya mimea, asidi ya betri au mafuta ya mashine kisitumiwe kamwe kwa maji ya kunywa wala chakula, hata kikioshwa mara kumi. Sumu hujificha katika plastiki na haionekani kwa macho. Kitobolewe ili mtu mwingine asije akakiokota.

Pili, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya kuota moto au kuokoa makaa yaliyobaki. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Vilevile, mifuko ya plastiki na vipande vya kandambili visitumiwe kuwashia moto. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya mama na mtoto.

Tatu, umeme. Fyuzi ikikatika isizibwe kwa kipande cha waya cha kawaida. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla nyumba haijaungua. Ukiizuia isikatike umeondoa mlinzi mlangoni.

Nne, dawa za hospitali. Vidonge vilivyobaki vya mgonjwa wa mwezi uliopita si akiba ya mgonjwa wa leo. Ugonjwa waweza kuwa mwingine, kipimo cha mtu mzima si cha mtoto, na dawa ya kuua vijidudu ikinywewa nusunusu huvizoesha vijidudu hivyo. Mahali hapa panahitaji mganga, na si ubunifu.

Tano, kuna tofauti kati ya kutunza na kurundika. Matairi, makopo na ndoo zilizoachwa uani bila kazi hukusanya maji ya mvua, na humo huzaliwa mbu wanaoeneza homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kitu ambacho hujakipangia kazi kiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mpe anayekihitaji, au kitupe panapostahili.

MZIGO WA NANI?

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi, tukisema "tubane matumizi", maana yake ni kwamba mama abane. Yeye ndiye atakayeamka mapema kuloweka maharage, ndiye atakayeshona usiku, ndiye atakayefinyanga chenga za mkaa, na huenda naye anatoka kazini jioni kama mumewe. Baba amebaki akisifu kapu la maharage huku fedha ya sigara na vinywaji ikiwa haijaguswa.

Hivyo sivyo. Saa za mama ni mali ya nyumba kama zilivyo fedha, nazo zaweza kutumiwa ovyo kama fedha zinavyotumiwa ovyo. Mkaa ukiokolewa kwa kumchosha mtu mmoja, haujaokolewa. Gharama imehamishwa tu kutoka mfukoni kwenda mgongoni mwake. Baba anayeweza kuziba paa anaweza kushona kifungo. Kijana wa kiume anayeweza kutengeneza gari la makopo na mpira wa chandimu kwa matambara na kamba, tayari ana mikono ya ufundi. Afundishwe na kutia kiraka. Binti naye apewe nyundo na bisibisi. Watoto wanaolelewa hivyo hawatababaika siku watakapopanga chumba chao cha kwanza.

Aidha, kutumia kilichopo kusiwe kisingizio cha kuwanyima watu haki yao. Mtoto anayehitaji miwani ya kusomea hawezi kubuniwa miwani. Mjamzito anayehitaji mayai, mboga na maharage asiambiwe ajikaze. Tunaokoa fedha ya ndoo na shuka ili fedha ya mambo hayo ipatikane, na si kinyume chake.

TUANZE LEO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari lililobaki kurasa chache, la mtoto aliyekwisha panda darasa, ugawe ukurasa sehemu tatu. Katika ya kwanza andika kila kitu ambacho familia ilitaka kununua wiki hii, mbali na chakula. Katika ya pili andika kazi ya kitu hicho, si jina lake: usiandike "boksi la kuhifadhia unga", andika "kuukinga unga na panya na unyevu". Katika ya tatu kila mmoja wa nyumbani, hata mdogo, ataje kilichomo ndani kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa usalama. Mara nyingine jibu litakuwa hakuna. Hapo nendeni dukani kwa moyo mweupe, mkanunue kitu imara. Mara nyingine jibu litatoka kwa mtoto wa miaka saba, nanyi mtashangaa.

Fedha iliyookolewa iandikwe na itengwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni bei ya ndoo moja, maana isiyotengwa huyeyuka. Mwisho wa mwezi ihesabiwe mbele ya wote, na wote wakubaliane itakwenda wapi: ada, bati la paa, au kuku wa siku ya sikukuu. Haba na haba hujaza kibaba; lakini kibaba hicho hakina budi kiwe na mahali pake kabatini, na kila aliyetia chake ajue kilichomo.